Neno la Herufi Kumi

Mikono yangu inanuka grisi hata nikiisugua kwa ndimu,
ndiyo maana darasani nakaa nyuma, karibu na dirisha.
Alhamisi, saa moja jioni, maktaba ya Footscray, ghorofa ya juu.
Tramu ikipita chini, viti vinatetemeka
na chaki ya Bi Tregenza inaruka herufi.

"Msimeze neno zima," alisema. "Litawakwama.
Livunjeni, mtafute mzizi."
Akaandika haidro: maji.
Termo: joto.
Trans, ng'ambo; na mitto, natuma.

Evanthia, mpiga pasi wa mashuka ya hoteli, akaangua kicheko.
Miaka kumi na mmoja anaona haya kuagiza nyama buchani,
kumbe nusu ya maneno ya madaktari
yametoka jikoni kwa bibi yake,
yamevaa suti tu, yanajifanya hayamjui.
"Kardia!" akajipiga kifuani. "Hili langu. Na lile. Na lile pale!"
kama mtu aliyekuta vyombo vyake vilivyoibwa
kwenye kabati la jirani tajiri.
Nélida wa Valparaíso naye akadai fungu lake la Kilatini:
mkono, nuru, mwezi,
vyote alikuja navyo sandukuni.

Mimi pale sikuwa na urithi.
Kwetu Cần Thơ neno ni fupi kama msumari;
sauti ikipanda ni kitu hiki, ikishuka ni kile,
huna cha kuvunja.
Nikawatazama wakigawana mirathi
nimesimama mlangoni, fundi aliyeitwa kuziba bomba.

Lakini fundi ana jicho lake.
Kesho yake, chali chini ya gari la kasisi,
jeki ya haidroliki ikipumua juu ya paji langu,
nikalisikia. Haidro.
Miaka yote nimelala chini ya maji ya Wagiriki
bila kujua ndiyo yaliyobeba gari.
Nikageuka: termostati.
Nikageuka tena: transmisheni,
kitu kilichotumwa ng'ambo,
nikanyamaza kidogo, spana mkononi,
maana hilo lilikuwa jina langu pia.

Tangu hapo nikayakusanya kama spea,
kwenye makopo ya kahawa, kwa vikaratasi na penseli.
Mengine hayakuingia popote, yamelika kutu.
Mengine yalinidanganya: sura ya mzizi, ndani hamna kitu.
Lien alicheka. "Wenzako wanaweka akiba ya pesa."

Halafu Jumanne barua ikaja, ya Lien, ya hospitali.
Yeye yuko chumbani, miguu imevimba, ameiinua juu ya mito.
Neno limekaa katikati ya mstari, herufi kumi.
Nefrolojia.
Zamani ningemwita mtoto wa jirani anisomee.
Safari hii nikaanza kulifungua mwenyewe.
Lojia ikatoka bila shida: logos, neno.
Nefro ikakaza.
Nikampigia Evanthia.
"Nefra?" Sufuria zinalia nyuma yake. "Figo! Sisi tunazikaanga kwa limau. Kwani vipi?"

Sikumjibu kwani vipi.

Neno la figo.
Nikalitazama vipande vipande mezani,
nikatamani kulirudisha lilivyokuwa,
zima, gumu, la Kiingereza,
lisilonihusu.
Bi Tregenza hakutuambia
kwamba waweza kulifungua neno
ukamkuta mkeo ndani.

"Kuna neno?" Lien akauliza kutoka chumbani.

Jibu la kila siku lilikuwa ulimini tayari.
Nikanawa mikono. Nikavuta kiti mpaka kitandani.
"Lipo," nikasema.